Shilingi 320,000 na daftari la majina 600: nipunguze wapi?

"Asalaam aleikum, mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 27, naishi kwetu Kisauni, Mombasa. Mchumba wangu ni karani bandarini na kwao ni Likoni. Wawili sisi tumeweka shilingi 320,000 za arusi, na mahari yametengwa kando. Mamangu anataka kesha la hina, karamu ya wanaume baada ya ndoa, usiku wa kumtoa bibi arusi ukumbini aonekane na wageni, na chakula cha wakwe siku ya pili yake. Ana daftari lenye majina 600. Mpishi ametutajia shilingi 450 kwa sahani. Mjomba anasema tukope 250,000 kwenye sacco, kwani arusi ni mara moja. Naogopa deni, lakini naogopa zaidi watu waseme mamangu alimwoza mwanawe wa kwanza kimyakimya, kama mtu mwenye jambo la kuficha. Nipunguze wapi bila kumvunjia heshima?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Barua yako ina maswali mawili, moja la hesabu na moja la heshima. Wengi wanaonijia huleta lile la hesabu peke yake. Wakakata maua, wakakata keki, wakaacha kadi, kisha wakashangaa kwamba gharama haikushuka na mama bado amenuna. Nitayajibu yote mawili, na nitaanza na hesabu kwa sababu ndiyo nyepesi.

Daftari la mamako lina majina 600, lakini mpishi halipwi kwa majina, hulipwa kwa sahani. Tuseme kesha litakuwa na wanawake 200, karamu ya wanaume watu 300, ukumbini wanawake 300, na chakula cha wakwe watu 60. Majina 600 yamekwisha kuzaa sahani 860, kwa sababu shangazi yako yuleyule atakula kwenye kesha, atakula ukumbini, na atakula tena na wakwe. Sahani 860 kwa bei mliyotajiwa ni shilingi 387,000. Fedha zenu zimekwisha na zimepungua 67,000, na bado hamjakodi kiti hata kimoja.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Gharama ya arusi haikai kwenye vitu vinavyoonekana. Inaamuliwa na idadi ya watu ikizidishwa na idadi ya vikao vya kula. Mapambo ya shilingi 30,000, ambayo ndiyo ya kwanza kukatwa na kila mwenye hofu, ni sawa na sahani 66 tu. Unaweza kumnyima bibi arusi kila ua la mjini na usiokoe hata nusu ya karamu moja. Lakini ukiondoa kikao kimoja cha chakula umeondoa watu 200 au 300 kwa mpigo, na hakuna aliyefukuzwa, kwa kuwa wote watakula siku nyingine.

Jambo la pili ambalo wenye arusi hulipuuza ni saa. Saa ya mwaliko ndiyo inayoamua utapika nini, nayo haina bei. Ndoa ikifungwa baada ya sala ya adhuhuri, umewaita watu wakati wa chakula cha mchana na huwezi kuwaacha waende na njaa. Ikifungwa baada ya alasiri, desturi yetu inakuruhusu kutoa kahawa, halua na tende, na hakuna mzee yeyote wa Mji wa Kale atakayeinuka na kusema amedharauliwa, maana hivyo ndivyo alivyokirimiwa katika ndoa chungu nzima. Vivyo hivyo kwa wanawake. Mkiwaalika saa mbili usiku mnadaiwa biriani. Mkiwaalika saa kumi alasiri, mkawaaga karibu na magharibi, mnadaiwa sambusa, katlesi, kaimati na sharubati ya ukwaju au ya pasheni. Mavazi ni yaleyale, vigelegele ni vilevile, na kumbi nyingi hukodishwa kwa bei nafuu zaidi mchana wa siku ya kazi kuliko usiku wa Jumamosi.

Kwa hivyo, lau ningekuwa ninaipanga arusi yako, ningeipanga hivi. Kesha la hina lingekuwa nyumbani, kwa wanawake 60 wa karibu, na chakula kingekuwa mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa. Tenga shilingi 10,000. Ndoa ingefungwa msikitini baada ya alasiri na wanaume wote 300 wangealikwa, kwa kahawa na halua ya shilingi 60 kwa kila mtu, yaani 18,000. Kumtoa bibi arusi kungefanyika alasiri ya siku ya pili kwa wanawake wote 300, kwa vitafunio vya shilingi 120 kila mmoja, ambavyo ni 36,000. Kisha karamu moja tu ya chakula kizito, mchana wa siku ya tatu, ya familia zote mbili pamoja, watu 250, kwa shilingi 112,500. Jumla ni 176,500. Bei za vitafunio na kahawa ni makadirio yangu na mtazipima upya sokoni, lakini hata zikipanda kidogo mtakuwa mmetumia chini ya nusu ya ile 387,000, na katika yale majina 600 hakuna hata moja lililofutwa.

Hiyo karamu moja ina sababu nyingine. Kwa asili yake walima, yaani karamu ya ndoa, ni wa upande wa bwana arusi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima hata kwa kondoo mmoja. Sisi tumeuzoea mji ambao kila upande unapika karamu yake, kana kwamba familia mbili zinashindana badala ya kuungana, na majirani wa kati wanakula kotekote. Mchumba wako azungumze na wazee wake wa Likoni mapema, kabla hawajamwekea mpishi wao amana. Wakikubali karamu ya pamoja, kile chakula cha wakwe ulichokitaja kitakuwa kimeingia humo. Wakikataa, basi walima ubaki wao, nanyi mbaki na kesha na alasiri ya wanawake. Hilo nalo si aibu. Na msiingie katika msafara wa magari kumi ya kukodi yanayokaa foleni ya kivuko cha Likoni huku saa za mwenye gari zikihesabiwa. Mtembea kwa miguu hatozwi hata senti pale. Nimeona wanawake wa vugo, ile ngoma ya arusi ya kina mama, wakivuka na pembe zao mkononi, na kivuko kizima kikageuka kuwa arusi.

Nije kwenye kupika wenyewe, kwa maana najua mtu atakuambia kwamba mkipika nyumbani ni bure. Si bure, ila huenda ikawa nafuu, na tofauti inategemea mikono mliyo nayo. Hesabu ninayoitumia ni kilo moja ya mchele kwa watu 8, kwa hivyo watu 250 wanahitaji kilo 31 hivi, nami ningenunua 35. Nyama ndiyo inayotenganisha pilau na biriani. Katika pilau vipande ni vidogo na vimechanganyika na wali, mtu hahesabu alichopata. Katika biriani kila mtu anatazamia pande lake juu ya masala, na nyama inaweza kufika au kupita uzito wa mchele. Tena biriani ni sufuria mbili, ya masala na ya wali, na ni vitunguu vya gunia zima vya kukaanga mpaka vikauke, ambavyo hunywa mafuta kuliko mnavyodhani. Kama mnapika wenyewe, pikeni pilau. Kama mnataka biriani, mlipeni mpishi anayeijua, kwa maana masala ya watu 250 yakiungua hayana dawa. Niliwahi kusimama saa kumi alfajiri katika uwa wa nyumba moja ya Majengo, wali umepaliwa makaa juu ya kifuniko, kila kitu kimya, hadi harufu ikatuambia kwamba chini kumeshika. Tuliuokoa wali wa juu. Ule wa chini tuliununua upya saa moja asubuhi, kwa bei ya mtu asiye na la kusema.

Pakuweni kwa sinia. Sinia moja kwa watu wanne au watano haiachi makombo kama sahani ya kila mtu, kwa sababu asiyeshiba hupata kwa mwenzake, na mwenye kula kidogo hamwagi. Sahani za mmojammoja hurudi na wali nusu, nami nimezihesabu.

Sasa tuingie kwenye heshima, ambako ndiko mamako aliko. Usilidhani daftari lile kuwa ni la majivuno. Mwombe akusomee majina kumi ya kwanza na umwulize habari ya kila mmoja. Atakuambia huyu alikuja kutukatia vitunguu arusi ya shangazi yako, huyu alituazima majamvi siku ya hitima ya bibi, huyu tulikula kwake biriani mara tatu na hatujawahi kumwita. Lile ni daftari la madeni, mwanangu, ila si madeni ya fedha. Arusi za bibi zetu hazikuwa rahisi kwa sababu zilikuwa ndogo. Zilikuwa kubwa kuliko zetu, zikaenda siku saba. Zilikuwa rahisi kwa sababu kazi ilikuwa ya zamu: leo tunachambua mchele kwako, kesho kwangu. Tulipoanza kumkodi mpishi, mpambaji, na vijana wa kupakua, tuliiondoa kazi mikononi mwa jirani, lakini deni lake tukaliacha palepale, na sasa tunajaribu kulilipa kwa sahani peke yake. Ndiyo maana mamako hawezi kufuta jina. Ukimwambia apunguze watu, anasikia kwamba unamtaka akane madeni yake mbele ya mji.

Kwa hivyo usimwambie apunguze watu. Mwambie mnapunguza vikao. Na usimwambie wewe; mtume shangazi yako mkubwa, au somo wako, yule mwanamke aliyekufunda, ambaye anaweza kusema neno zito huku akicheka. Walikalie daftari pamoja na waweke alama mbili. Ya kwanza ni ya watu wa kuzikana, wale ambao jeneza likitoka nyumbani kwenu wao ndio wataliinua: hao wote wako kwenye karamu, bila mjadala. Ya pili ni ya wale wanaodaiwa na kudai: hao waalikwe ndoa au alasiri ya wanawake, na, hili ndilo la maana zaidi, waalikwe kwa mtu kwenda mlangoni kwao. Ujumbe wa simu haulipi deni la vitunguu. Mtu aliyefuatwa nyumbani na mjumbe mwenye heshima zake akapewa kahawa na halua huondoka ameridhika, na aliyetumiwa picha ya kadi kwenye simu akala biriani ya ukumbini huondoka akihesabu meza alizopitwa. Kuna hadithi inayosema chakula kibaya zaidi ni cha walima unaoalikiwa matajiri na kuachwa maskini. Mkumbusheni mama kwa upole, endapo orodha ya karamu itaanza kupendelea wenye magari.

Ile hofu yako ya kuambiwa mmeoana kwa kujificha itaondoka hapohapo, kwa kuwa watu 600 watakuwa wameitwa na watu 600 watakuwa wameona. Anayejificha hawaiti watu 300 msikitini.

Na wale wanaotaka kusaidia wapeni kazi badala ya kuwaomba mchango. Khalati mmoja, ndugu wa mamako, achukue kaimati, mwingine sambusa, jirani achukue sharubati. Sare nayo iwe leso: doti moja ina vipande viwili, ikikatwa inawatosha wawili, na mtu ataivaa tena jikoni kwake miaka kumi, wakati gauni la sare la kushonesha linavaliwa mara moja. Ukiyapita maduka ya Biashara Street asubuhi ya siku ya kazi na kuomba bei ya korija, yaani ishirini kwa pamoja, utaongea vizuri zaidi kuliko ukienda jioni ya mwisho wa wiki na mashangazi sita nyuma yako. Fedha za mchango zisihesabiwe mpaka ziwe mkononi. Ahadi zilizotolewa kwenye kikao cha familia huja zikiwa nusu, na huja baada ya mpishi kudai yake. Kuhusu waimbaji wa taarab, nawapenda, lakini fahamu kwamba wageni wakishaanza kutunza, noti zile zinakwenda kwa mwimbaji, hazimfikii bibi arusi.

Mjomba wako anakutakia mema, na nisingependa umwone mbaya. Ila tuutazame mkopo wake kama ulivyo. Shilingi 250,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, kwa miezi 24, ni karibu shilingi 11,800 kila mwezi, na mtakuwa mmerudisha zaidi ya 282,000. Kwa mshahara wa mwalimu na wa karani hiyo huenda ndiyo kodi ya nyumba. Tena mkopo wa sacco una wadhamini, na akiba ya mdhamini hufungwa kwa kiasi alichokudhamini, kwa hivyo mwalimu mwenzako aliyekusainia huenda akashindwa kukopa karo ya mwanawe kwa ajili ya biriani iliyokwisha kuliwa. Kama riba inawasumbua kidini, na nadhani inawasumbua, ziko taasisi zinazokopesha kwa misingi ya sharia. Lakini hata hizo hurudishwa. Sisemi mtu asikope kamwe. Anayekopa kununua kitanda, jiko na kulipa amana ya nyumba anakopa kwa ajili ya ndoa. Ninachokikataa ni kukopa kwa ajili ya sahani, na ninakikataa zaidi pale mmoja anapochukua mikopo ya simu bila mwenzake kujua. Ukigundua hilo upande wowote, simamisheni matayarisho kwanza, mkae na mtu mzima mnayemwamini wote wawili.

Kuhusu mahari, umesema yametengwa kando, nami nasisitiza yabaki kando. Qur'ani, katika sura ya 4 aya ya 4, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao. Ni mali yako, si mfuko wa arusi. Ukitaka kutoa sehemu kwa hiari yako ni ruhusa, lakini asikuombe mtu kwa kukukazia macho.

Kuna njia moja zaidi ambayo baadhi ya vijana huifuata, nayo ni kufunga ndoa sasa na kuiahirisha sherehe mpaka fedha zijae. Ina faida yake, kwani inawaondolea haraka. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi huzaa sherehe mbili, na bibi arusi hukaa kwao miezi mingi huku kila jirani akiuliza anaondoka lini. Kwa hali yenu siioni kuwa na haja. Ningependelea msubiri mwezi mmoja au miwili na mfanye yote kwa pamoja, mkiepuka wiki za mara tu baada ya Ramadhani na likizo za Agosti na Desemba, ambapo kumbi na wapishi wote wameshikwa, na mkiepuka Aprili na Mei ikiwa mnategemea hema, maana masika ya Mombasa hayapigi hodi.

Yako mambo ambayo barua haitoshi. Masuala ya walii (msimamizi wa kukuoza), masharti ya mahari, au mmoja wenu aliyewahi kuolewa au kuoa, yapelekeni kwa kadhi au kwa imamu wenu ana kwa ana. Hakikisheni pia kwamba atakayefungisha ndoa ni kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa na msajili kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inavyotaka, na kwamba cheti mmekipata mkononi. Nimewaona wanandoa wakikihangaikia miaka baadaye, mtoto anapohitaji karatasi. Na kama mvutano na mamako umefika mahali ambapo mnalia au hamsemezani, usiendelee kupiga hesabu. Mwombe mzee wa familia au mshauri wa ndoa akae nanyi wawili kabla ya kulipa amana yoyote, kwa sababu amana za ukumbi aghalabu hazirudishwi.

Yabaki mapambo, ambayo nimeyatetea tangu mwanzo. Msikodi jukwaa la maua ya plastiki. Ulizeni katika ukoo nani bado ana kiti cha enzi, kitandikieni leso mpya, fukizeni udi, na wekeni fedha kidogo kwenye asumini na vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia. Mwambie mtungaji siku tatu kabla, na mwambie saa yenu: asumini huchumwa ikiwa bado tumba, na hufunguka jioni, kwa hivyo ikitiwa kwenye nywele zako saa tisa itakuwa imefumba, na itaanza kunukia wakati ule unapotolewa nje, jua likielekea kuzama.